Namna ya Kuandika Maoni ya Kurahisisha Sheria za Mafao ya Wanajeshi Wastaafu

Mzee alitoka Bahi na basi la alfajiri. Baada ya kusalimiana akaweka mezani mfuko wa rambo wa zamani, wa kabla hazijapigwa marufuku mwaka 2019, umefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake cha jeshi kilichokatika pembe, barua saba za majibu, cheti cha daktari ambacho wino wake umefifia, na tiketi za basi alizozitunza kana kwamba kuna siku atarudishiwa nauli. Mguu wake wa kushoto una chuma tangu 1979. Akaniambia, "Mwanangu, kila ofisi inaniambia ukweli, ila ukweli wao haukutani."

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kuomba. Barua ya kuomba ikifanikiwa humsaidia mwenye nayo. Anayemfuata anaanza upya kwenye mlango uleule. Kwa hiyo siku hizi nikimaliza barua ya mtu naandika na ya pili, ya maoni, kwenda kwa wenye mamlaka ya kurekebisha sheria yenyewe. Mwongozo huu unahusu barua hiyo ya pili. Sisi wa Dodoma tuna nafasi ambayo mwenzetu wa Kibondo au Newala hana: Bunge, wizara za Mtumba na Tume ya Kurekebisha Sheria tunavifikia kwa nauli ya daladala. Tusipoandika sisi, tunamwachia nani?

Hatua ya 1: Fuata nyayo za jalada moja

Usianze kwa kuandika "wastaafu wanateseka". Anayesoma ameshaisikia sentensi hiyo mara nyingi, na haimwambii afute kifungu kipi. Chukua mtu mmoja, mstaafu au mjane, ukae naye chini na daftari la kaunta. Piga mistari mitano: tarehe, mlango aliokwenda, alichoombwa, alichojibiwa, na gharama yake. Mwache asimulie kwa mpangilio wake; wewe ndiye utakayepanga baadaye. Wazee wetu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka misimu. Akisema "ilikuwa wakati wa kupalilia uwele", andika hivyohivyo, kisha utafute mwaka kwenye mihuri ya barua.

Ukimaliza, hesabu. Ni milango mingapi? Ni karatasi ngapi ziliombwa zaidi ya mara moja? Ni ngapi kati ya hizo zilikuwa tayari kwenye kabati la Serikali? Kwa mzee wa Bahi nilihesabu milango sita, na waraka uleule uliombwa mara nne. Ukurasa huo mmoja wa daftari una nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, mwombe ridhaa ya maandishi kabla ya kumtaja popote, hasa habari za ugonjwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda, na heshima inamlinda zaidi. Mwite "mstaafu wa kwanza" au "mjane wa pili", inatosha. Pili, hadithi ya vita isiingie kwenye karatasi. Vikosi, mahali pa kambi, silaha, nani alikuwa wapi: hayo yaache yabaki kwake. Unachohitaji ni safari ya jalada tu.

Hatua ya 2: Jua ni sheria ipi inayomshika

Hapa ndipo barua nyingi zinapopotea. Mtu anaandikia mfuko wa pensheni wa PSSSF kuhusu baba yake aliyekuwa mwanajeshi wa JWTZ, anajibiwa baada ya miezi kwamba hayumo kwenye daftari lao. Kweli hayumo. PSSSF, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, ni ya watumishi wa umma wanaochangia. Pensheni ya mwanajeshi hulipwa na Hazina. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao una sheria yake. Mwanajeshi yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, Sura ya 192, na kanuni zilizotungwa chini yake. Aliyekuwa Jeshi la Kujenga Taifa ana sheria yake, askari polisi yake, magereza yao.

Sasa fikiria vita vya Kagera. Amin alipovamia mwishoni mwa 1978, jeshi letu lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Hadi Kampala inaanguka tarehe 11 Aprili 1979, waliovaa sare walikuwa zaidi ya 100,000. Hao wengine hawakushuka mbinguni. Walikuwa mgambo wa vijijini, vijana wa JKT, polisi na magereza, wengi wao wakitoka kwenye vijiji kama vya Mpwapwa, Kongwa na Kondoa. Walilala handaki moja, wakala ugali mmoja, bomu lilipoanguka halikuuliza nani ameajiriwa kwa mkataba upi. Waliporudi, kila mmoja akashikwa na karatasi yake. Mwenye namba ya jeshi ana pa kuanzia. Mwanamgambo aliyerudi bila jicho alianzia wapi? Kama mtu wako ni mgambo, liandike hilo kwenye aya ya kwanza kabisa, maana ndilo linaloonyesha kwamba tatizo ni la mpangilio wa sheria na halitokani na uvivu wa mtu wa kaunta.

Soma kifungu chenyewe, usitegemee maneno ya barazani. Sheria zetu zimechapishwa upya katika Toleo la Urekebu la 2023, lililozinduliwa hapa Dodoma Aprili 2025. Hakikisha unanukuu namba za toleo hilo, kwa sababu ukinukuu la zamani namba zinaweza kupishana na msomaji wako akadhani umekosea. Na kama sheria au kanuni unayoitafuta bado ipo kwa Kiingereza tu, hilo lenyewe ni pendekezo la kuandika. Tangu marekebisho ya 2021, lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Kanuni ya mafao ambayo mlengwa hawezi kuisoma haijamfikia bado.

Hatua ya 3: Tenganisha ugumu wa sheria, wa kanuni na wa kaunta

Rudi kwenye daftari lako. Kila mlango uliomkwamisha mtu wako, uandikie pembeni herufi moja: S kwa sheria, K kwa kanuni, M kwa mazoea.

Sheria hubadilishwa na Bunge. Kanuni hubadilishwa na waziri bila kupita bungeni kwa mjadala wa muswada. Mazoea ya ofisi hubadilishwa kwa waraka, tena wa ukurasa mmoja. Ukichanganya vyote ndani ya barua moja, kila ofisi itasema sehemu kubwa si yake, na itakuwa kweli.

Mfano wa M: majina ya kwetu. Karani wa 1975 aliandika "Matonya", wa NIDA akaandika "Mathonya", na benki ina "Matonnya". Mtu ni mmoja, uso ni mmoja, alama za vidole ni zilezile. Hakuna haja ya Bunge hapo. Pendekezo ni waraka unaosema kiapo kimoja cha majina, kilichosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, kitambuliwe na ofisi zote zinazogusa jalada, badala ya kila ofisi kudai cha kwake.

Kwa uzoefu wangu M ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndizo zinazopona haraka. Zianze hizo.

Hatua ya 4: Jifunze kwa waliokwisha kurahisisha

Pendekezo lenye mfano wa mahali lilipofanyika husomwa kwa jicho jingine. Mimi hutumia mmoja wa mbali na miwili ya nyumbani.

Wa mbali ni Australia. Walikuwa na sheria tatu za fidia za wanajeshi kwa wakati mmoja: ya 1986, ya 1988 na ya 2004. Ipi inakushika ilitegemea ulihudumu lini, huduma ya aina gani, na uliumia lini. Walikuwapo waliokuwa chini ya zaidi ya sheria moja, goti linahesabiwa huku, bega kule. Mwaka 2021 wakaunda tume ya uchunguzi, na jina la tume hiyo linauma kulisoma: ilikuwa ya kuchunguza kujiua kwa wanajeshi na wastaafu wao. Ripoti yake ya awali ya Agosti 2022 ilikuta maombi zaidi ya 40,000 yamekaa bila hata kukabidhiwa mtumishi, na pendekezo lake la kwanza kabisa likawa kurahisisha na kuoanisha sheria hizo. Bunge lao likapitisha sheria Februari 2025, ikapangwa kwamba kuanzia 1 Julai 2026 madai yote mapya yaamuliwe chini ya sheria moja.

Angalia walivyofanya. Hawakutunga sheria mpya kuanzia sifuri. Walichagua moja kati ya tatu, ile ya 2004, wakaiboresha, nyingine wakazifunga kwa madai mapya. Walitoa zaidi ya mwaka mmoja wa maandalizi. Na aliyekuwa akilipwa chini ya sheria ya zamani anaendelea kulipwa. Hilo la mwisho lipigie mstari mwekundu.

Kwa nini? Mfano wa kwanza wa nyumbani unajibu. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Kuunganisha kulikuwa na mantiki. Lakini wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wakipata nusu ya mafao yao kwa mkupuo, na kanuni mpya ikawashusha hadi asilimia 25. Neno "kikokotoo", yaani hesabu ya mafao, likaingia kila nyumba ya mwalimu na nesi. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 ikawa asilimia 33, na bajeti ya Juni 2024 ikaongeza hadi 40 kwa kundi hilo. Miaka sita ya mivutano, na chanzo chake ni kwamba urahisi wa mfumo ulilipwa na mfuko wa mstaafu. Ukipendekeza kuunganisha sheria za wanajeshi, andika kwenye sentensi hiyohiyo kwamba asiwepo atakayeshuka chini ya alichonacho.

Mfano wa pili: sheria ya zamani ya fidia kwa wafanyakazi, tuliyoirithi kutoka ukoloni, iliweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na 83,000 kwa kifo. Miaka ikapita, shilingi ikashuka, tarakimu zikabaki palepale hadi sheria ya 2008 ilipokuja kuziondoa. Uhai wa mtu ulifika mahali ukawa hautoshi kununua ng'ombe wa mahari. Kwa hiyo usipendekeze kamwe kiasi cha shilingi ndani ya sheria. Pendekeza asilimia ya mshahara wa cheo, na upitiaji wa lazima kila baada ya miaka fulani.

Hatua ya 5: Andika unachokitaka kama kifungu

Hii ndiyo kazi yenyewe, usiikimbie. Mwandishi wa sheria wa Serikali akikuta malalamiko, ana kazi ya kuyatafsiri. Akikuta kifungu, ana kazi ya kukisahihisha, na kusahihisha ni rahisi zaidi. Si lazima kiwe kizuri.

Anza na mzigo wa ushahidi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa maaskari wa Kiafrika waliopigana upande wao katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wazee walikusanyika Mwanza, wengi hawana karatasi yoyote. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani: bega silaha, teremsha silaha. Miili ilikumbuka kilichokuwa kimesahauliwa na makabati. Wakalipwa. Nasimulia hili kwa sababu linaonyesha anayelipa anaweza kutafuta ushahidi akitaka. Kudai kila kitu kwa mzee wa miaka sabini ni uamuzi uliofanywa na mtu, na unaweza kubadilishwa. Australia wana chombo cha madaktari kinachotoa orodha za magonjwa na namna yanavyohusiana na huduma ya jeshi. Marekani, kwa sheria ya Agosti 2022, inachukulia magonjwa zaidi ya ishirini kuwa yametokana na moshi wa sumu wa kambini, bila askari kuthibitisha kila moja. Kwa kwetu unaweza kuandika hivi:

"Mwanajeshi, mwanamgambo au mtu mwingine aliyeitwa rasmi kwenye vita au operesheni, akiwa na jeraha au ugonjwa uliotajwa kwenye Jedwali, atachukuliwa kuwa ameupata kazini, isipokuwa mamlaka ithibitishe vinginevyo."

Na cha pili, kifupi, ambacho kingemwokolea mzee wa Bahi safari zake nyingi:

"Mwombaji hatatakiwa kuleta waraka ambao asili yake imetunzwa na ofisi ya umma, ofisi inayoshughulikia ombi ndiyo itakayoufuata."

Halafu muda. Kila ombi liwe na siku za kujibiwa, na likinyamaziwa hadi siku hizo zipite, lipande lenyewe kwa ngazi ya juu. Bila hilo, vifungu vingine vyote ni maneno matamu.

Kuhusu wajane nitakaa kidogo. Mke aliyeishi na askari miaka thelathini anaombwa cheti cha ndoa ambacho hakikuwahi kuwapo, kwa kuwa waliozeshwa kimila, ng'ombe zikahesabiwa mbele ya wazee. Anatumwa kwenye kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na shemeji mmoja asiyetaka kusaini anasimamisha kila kitu. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, tayari ina dhana ya ndoa kwa mwanamke na mwanamume waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mke na mume. Pendekeza sheria ya mafao iitambue dhana hiyo moja kwa moja. Pendekeza pia mjane aendelee kupokea kiasi cha muda wakati mirathi inasikilizwa. Watoto hawaachi kula kusubiri tarehe ya kesi.

Na majeraha ya akili. Hapa kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa tusi la mtaani, na ndiyo maana mama anaficha kwamba mumewe alitibiwa pale, kisha anakosa cheti ambacho kingemsaidia. Askari anayeamka usiku akipiga kelele miaka arobaini baada ya vita ni majeruhi. Aingie kwenye Jedwali pamoja na aliyekatwa mguu.

Hatua ya 6: Punguza hadi kurasa mbili

Aya ya kwanza: wewe ni nani na unazungumzia kundi gani. Kisha safari ya jalada, robo tatu ya ukurasa. Kisha mapendekezo, kila moja na herufi yake S, K au M, na kifungu unachopendekeza. Daftari zima liwe kiambatisho. Mpe mstaafu mwenyewe asome, au umsomee kwa lugha anayoielewa vizuri. Mzee wangu nilimsomea, nikatafsiri sehemu nyingine kwa Cigogo, akanifutia neno "naomba" mara tatu. Alisema aliomba vya kutosha.

Hatua ya 7: Peleka kwenye mlango unaohusika, kwa wakati wake

Mapendekezo ya M na K yapeleke Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, nakala Wizara ya Fedha kwa kuwa Hazina ndiyo inayolipa. Ya S yapeleke kulekule, na nakala Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake kisheria ni kupitia sheria na kupendekeza mabadiliko.

Wengi hukimbilia kwa mbunge na kumwambia alete muswada binafsi wa kuongeza pensheni. Utagonga ukuta. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kuleta peke yake jambo linalotoza Mfuko Mkuu wa Hazina. Lazima litoke kwa Rais kupitia waziri. Mbunge mtumie kwa anachoweza: swali bungeni, mchango kwenye bajeti ya wizara, au hoja. Mpe swali lililoandikwa tayari, sentensi mbili. Vyama vya wanajeshi wastaafu kama MUWAWATA vikiweka saini pembeni ya yako, barua inakuwa nzito zaidi.

Wakati nao una maana. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Kufikia hapo mafungu yameshapangwa. Kitu chenye gharama kipeleke Oktoba au Novemba. Muswada ukisomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kwa ulinzi ni Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama. Hapo wadau huitwa kutoa maoni, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache. Barua yako iwe tayari kwenye faili kabla, ubadilishe tarehe tu na kuielekeza kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma. Ukiitwa kuzungumza, usisome barua, wanayo. Fungua ukurasa wa daftari, utaje milango kwa mpangilio, useme kifungu kimoja unachokitaka kuliko vyote. Kama mstaafu anaweza kufika, mtangulize akae mbele, na nishani zake kifuani.

Hatua ya 8: Tunza mhuri

Usiondoke kaunta bila nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Andika kwenye daftari jina la ofisi na tarehe, urudi baada ya siku thelathini, kisha sitini, ukiwa na nakala mkononi na salamu ya heshima. Mhudumu unayemkuta naye ana baba. Muswada au kanuni mpya ikichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kaa na barua yako pembeni, ulinganishe kifungu kwa kifungu. Kilichoingia kiwekee alama. Kilichoachwa kiandikie upya kwa maneno mafupi zaidi, upeleke tena kabla kamati haijafunga orodha ya wadau.

Ya mzee wa Bahi ina mihuri miwili hadi sasa. Mfuko wa rambo tumeubadilisha na faili la kadibodi, karatasi zake zimepangwa kwa tarehe, na ukurasa wa mwisho wa daftari nimeuacha wazi kwa ajili ya mlango wa saba.